Amani Isiyo na Saini



Mikataba ya amani huja na picha zake: meza ndefu, bendera, wakubwa wanaopeana mikono. Juni 2025 tuliziona kutoka Washington, kati ya Kongo na Rwanda, na wakazi wa Goma na Bukavu wanajua wenyewe walilalaje usiku uliofuata. Leo nataka tutazame upande wa pili: mahali ambapo saini haikupatikana kabisa, na bunduki zikanyamaza hata hivyo. Ni kaskazini mwa Uganda, nchi ya Waacholi na jirani zao Walango, iliyosagwa kwa takriban miaka 20 na vita kati ya serikali na waasi wa LRA wa Joseph Kony.

Agosti 2006, mjini Juba, pande hizo zilikubaliana kusitisha mapigano, msuluhishi akiwa Riek Machar, mwanasiasa wa Sudan Kusini. Mkataba wa mwisho ukaandaliwa, ukurasa kwa ukurasa. Aprili 2008 wazee, viongozi wa dini na wajumbe wakafunga safari hadi Ri-Kwangba, kwenye mpaka wa Sudan na Kongo, kumngojea Kony aje kutia saini. Hakutokea. Desemba ya mwaka huohuo ndege za Uganda zikashambulia kambi zake katika msitu wa Garamba, naye akahamishia ukatili wake kwa wanakijiji wa Kongo na Afrika ya Kati, watu ambao hawakuwa na hili wala lile.

Ukiuliza wanadiplomasia, Juba ilishindwa. Lakini katika wilaya za Waacholi, yaani Gulu, Kitgum na Pader, watu walikuwa wameshaanza kufunga virago kurudi kwao.

Walikuwa wakitoka wapi? Kambini. Tangu 1996 serikali ilikuwa imewaamuru Waacholi kuhama vijiji vyao na kukusanyika mahali ilipodai kuwa patalindwa, na kufikia 2005 watu wapatao 1,800,000 wa kaskazini walikuwa wamehamishwa makwao. Ulinzi wenyewe ulikuwa wa mashaka: Pajule, Odek, Lukodi na Abok, zote zilikuwa kambi, na zote zilivamiwa. Mwaka 2005 utafiti wa Wizara ya Afya ya Uganda na Shirika la Afya Duniani ulikadiria kwamba katika wilaya za Waacholi walikuwa wakifa watu karibu 1,000 kila wiki zaidi ya idadi ya kawaida, wengi wao kwa malaria na ukimwi.  

Kwa kuwa tuko redioni, niruhusu nisifie kidogo kazi yetu. Mjini Gulu, kituo cha Mega FM kilikuwa na kipindi kilichoitwa Dwog Cen Paco, yaani rudi nyumbani. Vijana waliotoroka msituni walikaa mbele ya maikrofoni, wakataja majina yao na ya wenzao waliobaki huko, wakasema: niko hai, sikuuawa. Habari hiyo ilikuwa kubwa, maana makamanda walikuwa wakiwatisha watoto waliowateka kwamba anayerudi huchinjwa na jeshi la serikali. Hao makamanda walipiga marufuku vijana wao kusikiliza redio. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ilikuwa imekwisha kufungua mlango. Sauti ya mtu unayemfahamu ndiyo iliyokufanya uamini kwamba mlango uko wazi kweli. Maelfu walitoka. Kila aliyetoka alimpunguzia Kony bunduki moja, bila risasi kufyatuliwa.

Mila nazo zilifanya kazi yake. Yai bichi huwekwa njiani pa kuingilia nyumbani, na aliyekuwa mbali kwa muda mrefu hulikanyaga kwa mguu mtupu kabla ya kukaribishwa ndani. Kwa damu iliyomwagika kati ya koo mbili iko mato oput: mazungumzo marefu, fidia, kisha pande zote mbili kunywa uchungu wa mzizi mmoja. Wageni wengi waliandika kuhusu mila hizi kana kwamba ni dawa ya kila kitu. Wazee wenyewe hawakusema hivyo. Mato oput inahitaji aliyeua ajulikane, ukoo wake ujulikane, na kisa kikubaliwe. Usiku kambi inapochomwa na watoto waliotekwa, utamtaja nani?

Tukija kwenye ardhi, hapo ndipo amani hii inapochungulia shimo.

Ukoo unarudi baada ya miaka kumi au zaidi. Shamba limekuwa pori. Ardhi nyingi ya Acholi inamilikiwa kimila, na mpaka wake haukuwa na jiwe la mpimaji wala hati. Ulikuwa mti fulani, kichuguu, mkondo wa maji, na mzee anayekumbuka. Mti umekatwa ukawa mkaa, kichuguu kimebomoka, mzee kazikwa kambini. Amebaki kijana aliyekulia kambini kwa mgawo wa chakula, hajawahi kulima ardhi ya babu yake, anasimama vichakani na kunyoosha kidole: kutoka hapa mpaka pale. Jirani yake, rika lake, ananyoosha kidole kwingine. Na wenye mashamba yaliyogeuzwa kambi nao walitaka mashamba yao, yakiwa na makaburi ya watu baki ndani yake. Kuna familia zilizolazimika kufukua mifupa ya wapendwa wao ili ziihamishe.

Serikali nayo ikaingia na mipaka yake. Aprili 2015, huko Apaa, eneo lenye mgogoro wa mpaka wa wilaya, kina mama wazee walivua nguo mbele ya mawaziri waliofika kusimamia uwekaji wa mpaka. Kwa Waacholi, mama mzee akikuvulia nguo amekulaani. Mwaka 2018 wakazi wa Apaa waliofukuzwa makwao wakaenda kupiga kambi katika ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa mjini Gulu. Watu waliosalimika kwa Kony, wamerudi tena kuwa wakimbizi wa ndani!

Mpango wa serikali wa kujenga upya kaskazini, PRDP, ulijenga madarasa, barabara na visima, na mwaka 2012 ikafichuka kwamba mabilioni ya shilingi za mpango huo yaliibwa kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Wahisani wakasimamisha misaada. Wizi ule unaudhi, lakini hata kama kila senti ingefika, kisima hakimwambii mtu shamba ni la nani.

Wanaolipa gharama kubwa kuliko wote ni watoto waliozaliwa msituni. Mama alitekwa akiwa msichana, akapewa kamanda kwa nguvu, akarudi na mtoto mgongoni. Kwa mila, mtoto ni wa ukoo wa baba, na shamba hutoka huko. Baba anajulikana kwa jina la kivita tu, au amekufa. Baba wa kambo hataki kumgawia. Wapo wajomba waliomegea wapwa zao kipande, na hao nawavulia kofia. Wengine wameona ni kukaribisha kesi.

Februari 2024 Mahakama ya Jinai ya Kimataifa ilitoa amri ya fidia katika kesi ya Dominic Ongwen, kamanda wa LRA ambaye naye alitekwa akiwa mtoto, akielekea shule. Waathirika wapatao 49,772, kila mmoja euro 750 za ishara, pamoja na huduma za kuwarejesha katika hali nzuri. Jumla ni zaidi ya euro milioni 52. Ongwen hana kitu, kwa hiyo mfuko wa mahakama unategemea kuchangiwa. Majaji waliwahesabu pia watoto waliozaliwa msituni kwa ubakaji kuwa waathirika wenyewe, si viambatanisho vya mama zao. Mabaraza ya ardhi ya kaskazini mwa Uganda yangeweza kuanzia hapohapo, kwa kumruhusu mtoto wa namna hiyo kudai shamba kwa ukoo wa mama yake, bila kuulizwa kwanza jina la baba.