Ndui na Surua: Jinsi Watoto Wetu Walivyokingwa

(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya maradhi yaliyokuwa yakiwaua watoto wa nchi hii. Nitataja mawili tu, ndui na surua, ambayo wengi wetu huiita ukambi. Maana katika hayo limo fundisho la kutufaa.

Zamani, ndui ilipoingia kijijini, wazee wa jamii nyingi waliwatenga wagonjwa katika vibanda vya mbali, wakitunzwa na watu waliokwisha kuugua wakapona. Desturi hiyo ilikuwa ya busara, kwani mwenye ndui huambukiza hasa tangu vipele vianzapo kutokea, na vipele havifichiki. Watumishi wa afya wa miaka ya 1970 walifuata njia iyo hiyo: walimtafuta mgonjwa, wakamtenga, wakawachanja waliomzunguka. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui katika maisha ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha ulimwenguni.

Surua haikushindwa kwa njia hiyo. Mtoto huanza kuwaambukiza wenzake siku nne hivi kabla ya vipele, mama akidhani ni mafua tu. Anapotengwa, nduguze wamekwisha kuambukizwa. Kinga yake ni chanjo.

Lakini achanjwe lini? Mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mamaye. Akichanjwa mapema mno, kinga hiyo huizuia chanjo isifanye kazi. Akicheleweshwa, surua humtangulia. Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa kwetu. Katika miaka ya 1970, huko Matungulu na Mbiuni, wilaya ya Machakos, wachunguzi walizunguka nyumba kwa nyumba kila majuma mawili, wakiandika waliozaliwa, waliougua na waliofariki. Mwaka 1977 Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani walitoa uchunguzi wao juu ya umri uwafaao watoto wa Kenya. Chanjo ikawekwa miezi 9, na mwaka 2013 ikaongezwa ya pili, ya miezi 18.

Ndugu zangu, ili surua ikose njia, yapasa watoto 95 hivi katika kila 100 wawe wamekingwa. Kwa hiyo mtoto asiyechanjwa si shauri la wazazi wake peke yao. Mtoto mchanga wa jirani, ambaye kinga ya mamaye imepungua na siku yake ya kuchanjwa haijafika, hana ngao ila wenziwe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi nawaomba kila mzee, akirudi nyumbani kwake, aulize kadi ya kila mjukuu, aitazame kwa macho yake. Na asiyechanjwa apelekwe zahanati juma hili hili.