Kosa Likiwa la Wawili, Fidia Hugawanywa

Mazungumzo na wahudumu wa bodaboda, Isiolo



Chukueni mfano huu. Lori linakata kona bila ishara kwenye barabara ya kwenda Marsabit na kumgonga mhudumu wa bodaboda. Amebeba abiria 2, hana helmeti. Mguu umevunjika. Mwenye lori anamwambia: "Hata wewe una makosa. Shika hii elfu 20, tumalize maneno." Kwa kuwa anajua alivunja sheria, mhudumu anachukua na kunyamaza.

Hapo ndipo wengi hupoteza haki yao. Sheria ya Kenya, Sura ya 26, inasema kosa la majeruhi haliifuti kesi yake. Mahakama hupima uzembe wa kila upande, kisha hupunguza fidia kwa kadiri ya lawama ya majeruhi. Tuseme hasara yake ni shilingi 500,000, na lawama yake asilimia 30. Atapata 350,000. Zile 150,000 zimeliwa na makosa yake mwenyewe.

Je, abiria? Yeye hakushika usukani, hivyo anaweza kuwadai wote wawili. Lakini akikataa helmeti, au akipanda akiwa mtu wa tatu, naye anaweza kubebeshwa sehemu ya lawama. Mtoto wa chini ya miaka 10, mahakama zetu huwa hazimlaumu.

Lawama hugawanywa kwa ushahidi, si kwa kelele. Ripotini ajali kwa polisi mpate nambari ya OB, abstrakti na fomu ya P3. Pigeni picha. Andikeni nambari ya gari, ya stika ya bima, na simu za mashahidi. Risiti za hospitali zisitupwe. Kesi ya majeraha hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali.

Maslaha ya wazee yana heshima yake, na hurudisha amani kati ya familia. Hata hivyo, kabla ya kutia sahihi kwamba umelipwa na umeridhika, muulize wakili. Sahihi hiyo yaweza kukufungia mlango wa mahakama.

Helmeti, jaketi la kuakisi mwanga, abiria mmoja: kwanza vinalinda uhai, pili vinalinda fidia yako.

Mwendeshe salama.