Mwana wa Ukoo na Shahada ya Uzamili



Katika Jubilei kama hii wasomi hutajwa kwa haraka, na kwa vyeo vyao tu. Hayati Askofu Josiah Kibira, aliyezaliwa Buhaya mwaka 1925, alisoma theolojia Bethel, Ujerumani, kisha akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Boston, Marekani, mwaka 1964. Angeweza kuandika juu ya Wajerumani wa karne ya 16, wala hakuna ambaye angemlaumu. Aliandika juu ya Ukristo kati ya Wahaya.

Haikuwa kazi nyepesi. Wamisionari wa Bethel walifika Bukoba mwaka 1910, na mgeni aandikapo mila za watu hurudi kwao salama. Mwana wa ukoo hana pa kurudi. Akiusifu ukoo, ndugu wa Uamsho watasema amepoa. Akiukana, wazee watauliza alilelewa na nani. Naye Kibira alikuwa mtu wa Uamsho! Hata hivyo, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu Kanisa, ukoo na ulimwengu, hakulikwepa swali: aliyebatizwa ni wa nani hasa, ikiwa ndoa, urithi na mazishi yake huamuliwa na ndugu wa damu?

Mwaka 1977, Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Swali lake lingali likiletwa mbele ya wazee wa Kanisa, mara nyingi usiku, maiti ikiwa ndani.