SIMU YA MKONO NA KOMPYUTA: KILA CHOMBO NA KAZI YAKE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wakaao Matasia, Ngong na Kiserian)



Twajua leo ni Jumapili, na wengine wenu mmetoka zamu ya usiku mkaja hapa kabla ya kulala. Hatutawachosha kwa maneno mengi.

Mwakumbuka ya kuwa laptopu ya tawi letu ilikufa. Fundi wa Ngong aliifungua, akatikisa kichwa, akatwambia bei ya kuitengeneza yakaribia bei ya kununua nyingine. Katika mkutano ule maneno yalikuwa mawili. Wengine walisema, "Tununue nyingine." Wengine wakasema, "Fedha za ada ni jasho la watu. Kila mtu hapa ana simu mfukoni, na simu ya siku hizi ni kompyuta. Kwa nini tununue ya pili?" Hatukupatana. Ndipo mkatuchagua sisi watatu, mkatwambia tufanye kazi yote ya tawi kwa simu miezi mitatu, kisha tuje tuseme kweli. Leo tumekuja kuisema, hata ile inayotuaibisha.

Kwanza tutaje mema, maana ni mengi.

Simu haitaki meza. Tumeandika habari za mkutano tukiwa ndani ya matatu kutoka Ngong hadi mjini, na tulipofika kazini zilikuwa tayari. Risiti ya fedha hupigwa picha papo hapo, na mweka hazina huipata kabla haijapotea. Barua ya ofisi hupigwa picha na kugeuzwa kuwa karatasi safi ya kupelekwa mbele. Kuita mkutano ni kazi ya dakika moja, ambapo zamani mtu alizunguka nyumba kwa nyumba.

Na umeme je? Vinu vya upepo vya Ngong twaviona kutoka hapa. Vya kwanza vilisimamishwa mwaka 1993. Lakini kuviona vikizunguka si kusema taa ya nyumbani kwako itawaka. Umeme ulipokatika, laptopu ile ya zamani ilizima baada ya muda mfupi, kwa kuwa betri yake ilikuwa imechoka. Simu ilikaa mchana kutwa, na ilipokaribia kuzima tuliichaji kwa kibetri cha mfukoni.

Tulinunua pia kibodi ndogo iunganishwayo na simu kwa Bluetooth. Hiyo ilitusaidia sana. Mtu aandikaye barua ndefu kwa vidole gumba juu ya kioo huchoka mikono na shingo, na akichoka hufupisha maneno ambayo hayakufaa kufupishwa. Kwa kibodi, barua ya kurasa mbili yaandikika vizuri.

Wala sisi si wa kwanza. Katika sensa ya mwaka 2019, makarani wa serikali walipita nyumba kwa nyumba nchini Kenya wakiwa na tableti, wala si makaratasi kama zamani. Kazi yao ilikuwa kuuliza, kujaza jibu fupi, na kwenda mlango wa pili. Kwa kazi ya namna hiyo tableti yashinda laptopu, maana mtu husimama mlangoni, hakai kitini. Lakini angalieni jambo moja, tutalirudia mwishoni: tableti zile walipewa. Hawakuambiwa kila mtu aje na yake.

Sasa twaja kwenye ubaya.

Yuko ndugu yetu mmoja wa gengi la njia, mtu wa kukaza boliti na kutazama mataruma. Alifanya kazi siku 11 zilizokuwa zake za kupumzika, na hakulipwa. Aliziandika zote katika daftari lake dogo kwa kalamu ya risasi: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza. Alituletea daftari, nasi tukaingiza hesabu zake katika jedwali ndani ya simu.

Kioo cha simu ni kidogo. Jedwali lilikuwa na safu tano, nasi tuliona tatu tu kwa mara moja. Tulitaka tarehe zifuatane vizuri, tukabonyeza ili zipangwe. Zikapangwa. Lakini zilipangwa tarehe peke yake, na zile saa zikabaki mahali pake pa zamani. Basi saa za siku moja zikakaa mbele ya tarehe nyingine, nasi hatukuona, kwa kuwa safu ile ilikuwa nje ya kioo. Mmoja wetu alikuwa kituoni akingoja matatu. Akabonyeza "tuma." Jedwali likaenda ofisini.

Siku ya kusikizwa, afisa alisoma jedwali mstari kwa mstari. Akasema, "Hapa mmeandika alianza kazi saa kumi na mbili za jioni. Siku hiyo gengi lake lilifanya mchana, na kitabu cha zamu kinaonyesha hivyo. Na hapa, na hapa. Huyu mtu anadanganya." Ndugu yetu alitutazama. Hakusema neno. Alikuwa ameandika kweli tupu kwa mkono wake, na sisi, kwa haraka yetu, tulimfanya aitwe mwongo mbele ya wakubwa wake. Shauri likaahirishwa mwezi mzima.

Jioni ile tulikwenda Ngong, tukakodi kompyuta kubwa katika saiba. Tukaweka daftari la ndugu yetu kando ya kioo. Kwa robo saa tuliona kosa lote, maana safu tano zote zilikuwa mbele ya macho. Tukalitengeneza, mmoja akisoma daftari kwa sauti na mwingine akifuata kwa kidole. Mwezi uliofuata alilipwa siku 10. Ile ya 11 bado twaifuatia. Lakini twawaambia kweli, daftari la kalamu ya risasi ndilo lililomwokoa. Kama angalikuwa amelitupa, kwa kuwa "sasa hesabu zimo ndani ya simu," angalipoteza vyote.

Ndugu, sisi ni watu wa reli, na jambo hili reli ililijua zamani. Hata neno hili tableti si geni katika reli. Mwaka 1874, mahali paitwapo Thorpe katika Uingereza, treni mbili ziligongana uso kwa uso katika njia moja, na watu 25 walikufa. Sababu ilikuwa ujumbe wa telegrafu. Msimamizi aliandikisha ujumbe wa kuruhusu treni ije, lakini hakuutia sahihi. Karani akaupeleka vivyo hivyo. Walipojaribu kuurudisha, treni ilikuwa imekwisha ondoka. Baada ya msiba ule, Bwana Edward Tyer alibuni chombo kilichoandikishwa mwaka 1878. Ndani yake mlikuwa na vidude vya chuma vya mviringo, na kila kidude kiliitwa tableti. Dereva asiyepewa tableti haondoki stesheni. Na chombo hakitoi ya pili mpaka ile ya kwanza irudishwe.

Kwa hiyo tableti ya kwanza ya reli haikuwa ya kuharakisha kazi. Ilikuwa ya kuzuia mtu asitume treni kabla ya kuwa na hakika. Sisi tulituma jedwali letu kama yule karani alivyotuma ujumbe usio na sahihi. Hakufa mtu, twamshukuru Mungu. Lakini heshima ya mtu iliumia.

Kutokana na haya tumejifunza mambo manne, na kila mmoja aweza kuyafuata hata katika shughuli zake za nyumbani.

La kwanza, kazi fupi ni ya simu: picha, risiti, ujumbe, barua, kusoma waraka. Kazi ya kulinganisha vitu viwili au safu nyingi ni ya kioo kikubwa. Ukijikuta wasogeza kioo kwenda na kurudi ili kukumbuka ulichokiona, chombo hicho hakikutoshi.

La pili, karatasi ya kwanza isitupwe. Nakala iwekwe pia nje ya simu, maana simu huibwa, huanguka majini, na hufa bila kuaga.

La tatu, ukitumia kompyuta ya saiba, ukimaliza funga akaunti yako, futa karatasi uliyoiacha ndani, na usiache neno lako la siri. Mambo ya wanachama si ya kusomwa na ajaye baadaye.

La nne, hesabu au barua ya tawi isitumwe mpaka watu wawili wameisoma, wa pili akiwa si yule aliyeiandika.

Sasa twarudia lile la tableti za sensa. Hili ndilo kubwa kuliko yote, na halihusu katibu peke yake.

Spana ya kazi hutoka stoo. Waitia sahihi, waitumia, wairudisha. Taa, bendera, viatu vya kazi, vyote vyapaswa kutoka kwa mwenye kazi. Lakini simu imeingia kazini kwa mlango wa nyuma. Kwanza tuliambiwa, "Ingieni katika kundi la WhatsApp, tusalimiane." Kisha zamu zikaanza kutangazwa humo. Kisha picha za njia zikatakiwa humo. Leo mtu ananunua simu kwa mshahara wake, ananunua bando kwa mshahara wake, anaichaji kwa umeme wake, na kazi ni ya mwajiri. Nani kati yetu aliwahi kuambiwa alete taruma kutoka nyumbani kwake?

Yuko mwenzetu mwenye simu ile tuiitayo mulika mwizi, isiyo na WhatsApp. Zamu yake ilibadilishwa saa nne za usiku katika kundi. Hakuona. Asubuhi alikwenda saa za zamani, akaandikwa kuwa amechelewa. Je, kosa lake ni nini? Kosa lake ni kwamba hakununua kwa fedha zake chombo cha kazi ya mtu mwingine.

Sheria yetu haiko kimya kabisa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 10, yataka mfanyakazi apewe masharti yake kwa maandishi, na saa za kazi zimo katika masharti hayo. Kifungu cha 27 champa mfanyakazi siku moja walau ya kupumzika katika kila siku saba. Kundi la WhatsApp halifuti vifungu hivyo. Huko Ufaransa, tangu Januari 1 ya mwaka 2017, sheria yazitaka kampuni kubwa zijadiliane na wafanyakazi juu ya haki yao ya kuzima simu baada ya kazi. Hata hapa Kenya mswada wa namna hiyo uliletwa katika Seneti mwaka 2022. Lakini mswada si sheria, na anayengoja mswada asikae bure. Kilicho mkononi mwetu ni mapatano tunayoyafanya wenyewe na mwajiri, mezani.

Basi, Bwana Mwenyekiti, haya ndiyo tunayoyaleta mbele ya mkutano.

Kwanza, tawi lisinunue laptopu mpya kwa sasa. Kazi nyingi zaweza kufanywa kwa simu na ile kibodi. Kwa majedwali tukodi kompyuta ya saiba, na risiti iletwe kwa mweka hazina. Mwisho wa mwaka tuhesabu. Ikiwa kukodi kumezidi, hapo tununue moja iliyokwisha tumika, tukijua sababu.

Pili, mwanachama yeyote mwenye madai ya saa aandike katika daftari, na daftari likae naye. Tawi litapiga picha tu.

Tatu, halmashauri ipeleke jambo la simu katika mazungumzo yajayo. Tudai ya kuwa mahali ambapo kazi yahitaji simu au tableti, mwajiri aitoe kwa sahihi kama spana, au alipe bando. Zamu ibandikwe pia ukutani. Na amri iliyotumwa usiku katika kundi isiwe sababu ya kumwadhibu mtu aliyelala.

Mmoja wenu atauliza, "Je, ninyi mwaipenda simu au mwaichukia?" Hatuichukii. Hata maneno haya tumeyaandika kwa simu, hapa Matasia, umeme ukiwa umekatika. Lakini kabla ya kuyaleta, tuliyaandika tena kwenye karatasi, tukasomeana wote watatu. Yule ndugu yetu wa gengi tulimsomea pia, kwa sababu habari ni yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Semeni. Lakini ile siku ya 11 msiisahau."

Hatutaisahau. Tumeiandika mahali pawili.

Umoja ni nguvu.