Uvimbe wa shingoni: ekografi si ya wajawazito peke yao

(Muziki wa kipindi. Unashuka.)

  Leo naongea nanyi kutoka Gatsata, hapa Kigali, jirani na Nyabugogo, mtaa unaojulikana kwa magaraji. Mkisikia nyundo na injini nyuma ya sauti yangu, mtanisamehe. Mafundi wako kazini, na mbele kidogo mtaona kwamba kazi yao inahusiana na mada yetu.

Mada ni uvimbe wa shingoni, kwenye taya na chini ya masikio. Kuna swali moja linalorudi kila tukigusa jambo hili. Mtu anakwenda kituo cha afya na uvimbe shingoni, anapewa karatasi ya rufaa, ile tunayoiita transferi, na juu yake imeandikwa ekografi. Wengine wanaiita ultrasaundi. Akiwa mwanaume anashangaa: “Mimi sina mimba, ekografi ya nini?” Wenzake wanacheka, naye anaikunja ile karatasi na kuiweka chini ya godoro. Miezi inapita, uvimbe unakua. Leo nataka tuitoe karatasi hiyo chini ya godoro.

Tuanze na mashine yenyewe. Fundi mzuri hapa Gatsata hafungui injini kabla hajaisikiliza. Ekografi nayo ni kusikiliza. Kile kifaa anachokishika daktari mkononi kinatoa sauti nyembamba mno ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Sauti inaingia mwilini, ikigonga kitu inarudi kama mwangwi. Ukipiga kelele ukiwa mbele ya mlima, mlima unakujibu. Mashine inahesabu kila mwangwi umechukua muda gani kurudi, na kutokana na hapo inachora picha kwenye kioo. Maji yanaonekana meusi, nyama inaonekana ya kijivu, jiwe au mfupa unaonekana mweupe na nyuma yake pana kivuli.

Sasa sikieni historia yake, kwa sababu inajibu lile swali la mwanaume. Mwaka 1955, daktari mmoja wa magonjwa ya wanawake mjini Glasgow, Uskoti, aitwaye Ian Donald, alijua kwamba viwandani wanatumia sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma bila kukikata. Akapakia kwenye gari uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa waliopasuliwa, akaupeleka kwenye kiwanda cha mitungi ya mvuke huko Renfrew. Mashine ya kupima chuma ikaonyesha tofauti kati ya uvimbe uliojaa maji na uvimbe mgumu wa nyama. Mwaka 1958 yeye na wenzake, John MacVicar na mhandisi Tom Brown, wakaandika matokeo ya kazi hiyo katika jarida la udaktari. Kwa hiyo mashine hii imetoka kwa mafundi wa chuma, na jambo la kwanza aliloliuliza Ian Donald lilikuwa: huu uvimbe una nini ndani? Hilo ndilo swali ambalo daktari wako anauliza juu ya shingo yako.

(Muziki mfupi.)

Shingoni kuna nini kinachoweza kuvimba? Nitataja vitu vitatu.

Cha kwanza ni tezi iliyo mbele ya koo, yenye umbo la kipepeo. Ikivimba tunaita rovu, wengine goita. Sisi tuliotoka Kivu tunaijua. Miaka ya 1960 watafiti, akiwemo daktari Mbelgiji François Delange, walikwenda kisiwa cha Idjwi katikati ya Ziwa Kivu. Wakakuta kaskazini mwa kisiwa watu wengi sana wana rovu, lakini kusini-magharibi ni wachache. Madini ya iodini yalikuwa pungufu pande zote mbili, basi kwa nini tofauti? Uchunguzi ukawapeleka kwenye chakula: muhogo. Muhogo usioandaliwa vizuri una sumu, na sumu hiyo ikishageuka mwilini inaizuia tezi isichukue ile iodini kidogo iliyopo. Kwa hiyo, mama, muhogo mchungu tuuloweke siku kadhaa na kuuanika vizuri kama bibi zetu walivyofundisha, na tutumie chumvi yenye iodini. Chumvi ikae kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, maana iodini hupotea. Mama mjamzito anaihitaji zaidi, kwa ajili ya ubongo wa mtoto.

Lakini rovu lililokaa miaka mingi na kuota vinundu ndani halitaondoka kwa chumvi. Hapo ekografi ina kazi. Inaonyesha tezi imekua kiasi gani, vinundu ni vingapi, vina maji au ni vigumu, kingo zake ni laini au zimekwaruzika. Vinundu vingi sana vya tezi hii si saratani. Mashine inamsaidia daktari kujua kipi cha kuacha na kukiangalia tena baadaye, na kipi cha kuchunguza zaidi. Haionyeshi kama tezi inafanya kazi kupita kiasi au imezubaa. Hilo hupimwa kwa damu. Ukiagizwa vyote viwili, usidhani wanakuzungusha.

Kitu cha pili ni matezi madogo yaliyo pembeni mwa shingo na chini ya taya. Hayo ni askari wa mwili. Mtoto akiwa na jino bovu au koo linauma, yanavimba, kisha yanapungua. Ila tezi linalobaki limevimba wiki mbili, wiki tatu, halipungui, au yanashikamana kama fungu la mahindi, hilo lionwe na daktari. Linaweza kuwa kifua kikuu. Ndiyo, kifua kikuu kinaingia pia kwenye matezi ya shingo, hata kama hukohoi. Inaweza kuwa saratani. Inaweza kuwa VVU. Kwenye ekografi, tezi la kawaida lina umbo la haragwe. Likiwa la mviringo, au katikati pameoza, au yameungana, daktari anapata shaka.

Hapa nisisitize: shaka bado si jibu. Picha haitaji jina la ugonjwa. Mara nyingi daktari atachukua sindano nyembamba na kuvuta majimaji kidogo, huku akiangalia kwenye kioo ncha ya sindano inapopita. Majimaji yanapelekwa maabara, na maabara ndiyo inataja jina. Wengi wanakimbia hatua hii kwa kusikia kwamba kuguswa kwa sindano kunatawanya ugonjwa. Msikimbie. Bila sindano hiyo unaweza kunywa dawa miezi mingi za ugonjwa usio wako. Na kikiwa kifua kikuu, kinapona. Dawa zake hapa Rwanda hutolewa bure, na kwa kawaida hunywewa miezi 6 bila kukatisha.

Kitu cha tatu ni tezi za mate, zilizo chini ya taya na mbele ya sikio. Kama uvimbe unakuja ukianza kula, unauma, kisha unashuka baada ya chakula, huenda kuna kijiwe kimeziba njia ya mate. Mashine inaweza kukiona. Inaweza pia kuonyesha kama uvimbe wenye joto chini ya taya una usaha ndani, na usaha uko wapi, ili anayetoboa atoboe mahali sahihi.

(Muziki mfupi.)

Tuseme na mipaka yake, ili tusidanganyane. Sauti hii haipiti kwenye mfupa wala kwenye hewa. Mtu mzima aliyepigwa kichwani akapoteza fahamu hapimwi ubongo kwa ekografi ya kawaida. Yeye anahitaji skana. Lakini mtoto mchanga bado ana utosi, pale panapodunda juu ya kichwa. Hapo fuvu halijafunga, na sauti inapita. Kwa hiyo mtoto ambaye kichwa kinakua haraka kuliko mwili, utosi umejaa na kutuna, anaweza kuangaliwa ndani ya kichwa kwa ekografi kabla utosi haujafunga. Mama, usisubiri. Mpeleke mapema.

Siku ya kipimo itakuwaje? Kwa shingo huhitaji kulala njaa. Vua mkufu, fungua kola, mama ashushe kitambaa. Unalala chali, mto mdogo chini ya mabega, kidevu juu. Unapakwa mafuta mazito ya baridi, hayo ni ya kuondoa hewa kati ya kifaa na ngozi. Hakuna maumivu, na hakuna mionzi kama ile ya eksirei. Mama akitaka mtu wa kukaa naye chumbani, aombe. Beba karatasi zako zote za zamani, hata zilizochakaa.

Na njia ya kufika huko? Anza kituo cha afya cha kambi. Wao wakiona inafaa, wanakuandikia rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka hapo unaweza kupelekwa hospitali kubwa zaidi. Ukirudishwa bila kuelewa, uliza kwa heshima: “Daktari, mnafikiri ni nini, na nirudi lini?” Andika tarehe. Tarehe ikifika na uvimbe upo, rudi. Ndugu zetu mnaoishi mjini Kigali, hapa Gatsata na kwingineko, mlio na bima ya mutuelle, anzieni kituo cha afya cha karibu na kadi mkononi.

Yapo mambo ambayo hayasubiri rufaa wala ekografi. Kupumua kwa shida au kwa mluzi. Kushindwa kumeza hata mate. Uvimbe chini ya taya wenye homa, na kinywa hakifunguki. Hayo ni ya usiku huohuo: amsha mjumbe wa afya, amsha jirani, mtu abebwe. Na haya yasipite wiki: sauti iliyokauka bila kupona, uvimbe mgumu usiosogea ukiushika, uvimbe unaokua haraka, kukonda na kutoka jasho usiku.

Neno la mwisho ni kwa wazee wetu wenye wembe na wenye chuma cha moto. Tunawaheshimu. Lakini shingo ina mishipa mikubwa ya damu, na mikono haioni chini ya ngozi. Tezi la kifua kikuu likichanjwa linaweza kuwa kidonda kisichofunga. Mzee, mtu akikujia na uvimbe, umsindikize kituo cha afya, na heshima yako itaongezeka.

Wewe uliyeificha karatasi, itoe leo. Kama imepotea au imepitwa na tarehe, kesho asubuhi nenda uombe nyingine. Na mkimwona mwanaume kwenye benchi la ekografi katikati ya akina mama wajawazito, msimcheke. Msogezeeni nafasi akae.

 

(Muziki wa kufunga.)