Rangi katika Mavazi ya Mtumishi

(Maneno ya hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka.)



Kamati iliniandikia barua ikinitaka nizungumze juu ya maisha ya utumishi wa Serikali. Nikaijibu kwamba juu ya jambo hilo huzungumza mtu kila mwaka, na kila mwaka vijana husinzia. Nikaomba ruhusa nizungumze juu ya nguo, na hasa juu ya rangi za nguo za mwanamume anayekwenda ofisini. Ruhusa nilipewa, ingawa nasikia mjumbe mmoja aliuliza kama hayo ni mambo ya kumwita mtu kutoka mbali.

Namjibu mjumbe huyo kwa kisa kimoja. Katika ofisi mojawapo niliyopata kufanya kazi alikuja mzee kutoka kijijini kufuatilia mafao yake ya uzeeni. Juma lililotangulia alikuwa amekabidhi karatasi zake kwa bwana mmoja. Akaulizwa, bwana yupi? Akasema, yule wa suti nyeusi. Tulikuwa wanaume saba ukumbini, na sita kati yetu walivaa suti nyeusi. Mzee akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayetafuta mbuzi wake katika zizi la jirani, asimpate. Karatasi zilionekana baada ya siku nyingi, na nauli ya safari zile hakuna aliyemrudishia.

Mtaniambia siku hizi tuna beji za majina. Ni kweli tunazo. Lakini herufi zake ni ndogo, macho ya mzee ni yale yale, na zaidi ya hayo beji ina tabia ya kugeuka yenyewe kifuani inapofika saa nane mchana.

Katika jengo lile lile alikuwako karani wa masjala, kijana mwembamba, mwenye kupenda tai ya kijani. Nadhani alikuwa nazo tatu au nne, zote za kijani, moja imekoza na nyingine hafifu. Wananchi hawakulijua jina lake. Walimwita Bwana Kijani. Mtu akifika mapokezi husema, "Bwana Kijani aliniambia nirudi Alhamisi." Basi ikifika Alhamisi Bwana Kijani hakuwa na pa kujificha, na faili lilikuwa tayari. Sisemi kwamba tai ndiyo iliyomfanya awe mwaminifu. Nasema kwamba mtu anayeweza kutajwa na kuonyeshwa kwa kidole hufanya kazi yake kwa namna nyingine kuliko yule aliyezama katika kundi.

Wapo wanaosema kwamba rangi ni mambo ya wanawake, na kwamba mwanamume mwenye akili huvaa nyeusi, kijivu na nyeupe, basi. Mimi huwauliza, mmeyapata wapi hayo? Babu zetu wa mwambao walivaa joho lililotariziwa uzi wa dhahabu, kilemba cha rangi na kikoi chenye pindo za nyekundu, kijani na manjano, wala hakuna aliyetia shaka uanaume wao. Hata Ulaya, mabwana wakubwa wa karne ya 18 walivaa hariri za rangi zote. Ni katika karne ya 19 ndipo wanaume wa mijini wa Uingereza walipojitia katika makoti meusi, mji ukiwa umejaa moshi wa makaa ya mawe. Tai yenyewe imetokana na kitambaa cha shingoni cha askari wa Kroatia waliopigana katika jeshi la Ufaransa katika karne ya 17. Sisi tumelipokea vazi lile pamoja na rangi ya moshi wake, tukalivaa katika nchi yenye jua kama hili.

Kizazi cha uhuru kililitazama jambo hili kwa makini kuliko sisi. Mwalimu Nyerere alivaa suti nyepesi ambayo hapa kwetu watu waliiita ya Chou En-lai. Kaunda wa Zambia aliipa jina lake suti ya mikono mifupi. Kule Zaire, Mobutu alikwenda mbali zaidi. Katika miaka ya 1970 aliipiga vita tai kwa amri ya Serikali, na haikurudi kwa uhuru mpaka mwaka 1990. Hilo la amri silipendi. Mtu akivuliwa tai kwa nguvu hajawa huru zaidi ya yule aliyevikwa. Lakini angalieni kitu kingine. Kaunda alijulikana kwa leso yake nyeupe mkononi. Mzee Kenyatta alikuwa na mgwisho wake, Mwalimu fimbo yake, na Mandela, alipokuwa Rais kuanzia mwaka 1994, mashati yake ya mapambo yaliyofungwa kifungo cha juu. Kila mmoja alikuwa na alama yake, akadumu nayo. Hakuna aliyevaa leso, mgwisho na shati la maua vyote kwa siku moja.

Hapo ndipo penye shauri langu kwenu. Kijana anayeanza kazi asiingie katika rangi kama anayeingia sokoni sikukuu. Achague mahali pamoja: shati, au tai, au soksi, au leso ya mfukoni. Sehemu nyingine zote zitulie. Shati likiwa na mapambo, suruali na koti viwe vya rangi moja. Tai ikiwa na michirizi, shati liwe wazi. Mtu wa mbele yako aone kitu kimoja kwanza, kisha akutazame usoni, kwa sababu amekuja kuzungumza na wewe, hakuja kutazama kitambaa.

Koti la kwanza kununua lisiwe jeusi. Liwe la buluu nzito, maana hilo litakaa juu ya suruali ya kijivu, ya kaki na ya kahawia, na kwa koti moja utakuwa na mavazi matatu. Nyeusi haipatani na wenzake. Ni rangi nzuri ya msibani na ya harusini, na inaonyesha kila chembe ya vumbi. Ninyi mtakaopangiwa Dodoma mtanikumbuka kwa neno hili. Upepo wa kule hauchagui cheo. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016 nimewaona mabwana wengi waliofika na suti nyeusi za Dar es Salaam wakageukia kahawia na kijivu hafifu bila kushauriwa na mtu.

Mashati, anzeni na nyeupe mawili na samawati mawili. Kisha ongezeni moja la waridi hafifu au manjano ya maziwa. Najua kuna wanaocheka hapo nyuma niliposema waridi. Chekeni, lakini siku moja lijaribuni juu ya ngozi nyeusi, chini ya koti la buluu, mbele ya kioo. Ngozi zetu zinazibeba rangi zilizokoza na hata zilizofifia vizuri mno, na sisi ndio tunaozikimbia. Kwa tai, rangi ya damu ya mzee haijawahi kumwangusha mtu. Kijani cha majani ya mkorosho nacho ni kizuri. Nyekundu ya kung'aa iacheni kwa waamuzi wa mpira. Viatu vya kahawia hufaa kuliko vyeusi kwa karibu kila nguo niliyoitaja, mradi mkanda ufanane navyo, na mradi vipigwe rangi. Kiatu chenye vumbi huharibu kazi yote ya juu.

Sasa kitenge na batiki. Hapa nitakaa kidogo kwa kuwa ndipo wengi wanapokosea, na kosa si lao, ni la mshono. Shati la kitenge likikatwa kama gunia, likashuka mpaka magotini, mvaaji huonekana ametoka harusini jana na hajafika nyumbani. Mwambieni fundi mambo haya: mabega yaishie pale mabega yenu yanapoishia, kola iwe na kitambaa kigumu ndani ili isimame, urefu ukome nyongani na pindo liwe limenyooka, kama halichomekwi. Kisha mwulizeni swali moja: mapambo yatakutana kwenye vifungo na kwenye mfuko? Fundi mzuri atasema ndiyo na ataomba kitambaa zaidi, labda nusu mita. Mpeni. Fundi mbaya atacheka. Huyo mwachieni kitambaa cha mapazia. Na kabla ya kushona, kitambaa kilowekwe na kukaushwa kivulini, maana pamba hujikunja, na ikijikunja baada ya kushonwa hakuna wa kumlaumu.

Chagueni mapambo madogo na rangi mbili au tatu, si saba. Buluu na nyeupe, kahawia na manjano, kijani na nyeusi. Shati la namna hiyo, la mikono mirefu, ni vazi la heshima kamili. Indonesia, ambako ndiko neno batiki lilikotoka, mtumishi huvaa batiki ya mikono mirefu katika shughuli rasmi, na mwaka 2009 UNESCO iliiweka sanaa yao hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu. Sisi wakulima wa pamba tumekuwa tukiuza sehemu kubwa ya pamba yetu nje ikiwa nyuzi ghafi. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Wazee waliopo hapa walivaa vitambaa vyake. Leo kitenge kinunuliwacho Kariakoo mara nyingi kimevuka bahari. Ulizeni muuzaji kimetoka wapi. Kuuliza hakulipiwi.

Juu ya ruhusa, wasimamizi wenu wa kazi watakuwa na maoni yao. Serikali yetu ilitoa waraka wa mavazi ya watumishi wa umma mwaka 2007. Mtakapoajiriwa usomeni wenyewe, msitegemee kusimuliwa. Na mkumbuke kwamba sheria za nguo hugeuka. Suti ya Kaunda iliyokuwa vazi la ukombozi, mwezi Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku ndani ya Bunge, wakati Rais wa nchi hiyo alikuwa akionekana nayo mara kwa mara. Kwa hiyo mkijikuta katika mkutano msioujua desturi zake, vaeni koti la buluu, na rangi yenu ikae kwenye soksi.

La mwisho ni fedha. Nimemwona kijana aliyekopa mwezi wa kwanza wa ajira akanunua suti tatu, na mwaka ulipokwisha suti zimechakaa mikononi na deni bado bichi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, sehemu gani mnaijua wenyewe. Nendeni Karume mapema asubuhi, mabunda ya mitumba yanapofunguliwa. Tafuteni koti la sufu nyepesi lenye mabega yenu, maana kiuno fundi atapunguza lakini bega hatalitengeneza. Tai nzuri mtaipata hapo kwa bei ya chai na maandazi. Na mtumishi wa dirishani akivaa saa na viatu ambavyo mshahara wake haviwezi, mwananchi aliye mbele yake hujiuliza swali, na swali hilo ni halali.

Hapa shuleni, zamani zetu, tulilaza suruali chini ya godoro usiku ili asubuhi ziwe na mstari. Naambiwa mnafanya hivyo bado. Nimefurahi sana kusikia. Tandazeni gazeti kwanza, godoro lisiache alama.

Ndugu Mwenyekiti, naona wapishi wanachungulia. Kwa vijana wa kidato cha sita ambao hawajui kufunga tai, nimekuja nazo tano za rangi mbalimbali, na nitakuwa chini ya mwembe karibu na bweni la kwanza mpaka chakula kiive. Atakayeweza kufunga bila kioo, achukue moja anayoipenda.