Sauti Iliyokula Chumvi: Ufundi na Usanii wa Mwimbaji Mzee

Mhadhara wa umma uliotolewa Morogoro Mjini



Ukitaja muziki wa dansi Tanzania, huwezi kuiruka Morogoro. Salum Abdallah alizaliwa mwaka 1928, akaijenga Cuban Marimba katika mji huu, akafariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, mzaliwa wa Kisarawe wa mwaka 1944, alipata jina akiwa hapa na Morogoro Jazz. Alikwenda nayo Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, kisha mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Januari 1979 akafariki kwa ajali ya barabarani huko Mombasa. Wa kwanza hakufika miaka 40. Wa pili alikuwa na miaka 34.

Sauti mbili tunazojivunia kuliko zote katika mji huu hazikuwahi kuzeeka. Redio ikizipiga leo, ni vijana wale wale, wenye pumzi ile ile. Nadhani jambo hili limetuzoesha vibaya. Tumeifanya sauti ya kijana kuwa kipimo cha kila mwimbaji, hata mzee anapopanda jukwaani tunampima kwa santuri aliyoirekodi yeye mwenyewe miaka 40 iliyopita. Asipoifikia, wengine tunamsikitikia, na wengine tunampigia makofi kwa sababu ya mvi zake tu. Yote mawili ni kumvunjia heshima.

Hoja yangu jioni hii ni moja. Mwimbaji akizeeka, ufundi wake haufi ukauacha usanii peke yake. Ufundi unahama. Unatoka kwenye nguvu za koo na kuingia kwenye uamuzi: aanzie sauti ya juu au ya chini, apumue wapi, neno gani alipe uzito, lipi alipitie juu juu. Uamuzi huo unasikika, unafundishika, na unastahili kuhukumiwa kama tunavyohukumu ufundi mwingine wowote.

Koo linavyozeeka

Watu husema ng'ombe hazeeki maini. Koo la mwimbaji huzeeka, na ni vizuri tulikubali hilo kabla ya mengine. Gegedu za zoloto hugeuka mfupa polepole na kupoteza wepesi wake. Kwa wanaume wengi nyuzi za sauti hukonda, sauti ikapanda kidogo na kuwa nyembamba. Kwa wanawake mambo huenda kinyume: hedhi ikishakoma, homoni hubadilika, nyuzi huvimba kidogo na sauti hushuka. Nyuzi zisipokutana sawasawa, hewa huvuja katikati yake na sauti hutoka na mkwaruzo au na upepo. Mapafu nayo hayachukui hewa kama zamani, na misuli ya mbavu inachoka mapema. Hata ule mtetemo unaopamba sauti ndefu, ambao kwa mwimbaji aliyefunzwa huenda kama mara 5 hadi 7 kwa sekunde, hupungua kasi na kupanuka. Msikilizaji husema, "Sauti inayumba."

Mabadiliko haya hayachagui mwenye kipaji na asiye nacho. Mazoezi ya kila siku, maji ya kutosha na kuacha tumbaku huyachelewesha, kuyazuia haiwezekani. Kwa hiyo swali la maana ni namna mwimbaji anavyofanya kazi na koo alilo nalo sasa.

Njooni mazoezini kwenye kwaya yoyote ya mji huu. Karatasi ya nota za sol-fa imeandikwa juu: doh ni G. Mwalimu anapiga sauti, wimbo unaanza. Mstari wa mbele yupo mama aliyeimba sauti ya kwanza tangu usichana wake. Ukifika mahali pa kupanda, mishipa ya shingo inamsimama, kidevu kinanyanyuka, neno linapasuka katikati. Mwalimu mwenye busara haongei naye mbele za watu. Anasimamisha wimbo, anasema, "Tushuke kidogo, doh iwe E," na wanaanza upya. Mama yule yule sasa anayatamka maneno yakasikika hadi mstari wa nyuma, na kwaya nzima inajikuta inamfuata yeye kwa sababu anajua kila neno linakwenda wapi. Wiki chache baadaye anahamia sauti ya pili, na anakuwa nguzo yake. Hiyo ni kazi ya kiufundi kabisa, ingawa hakuna aliyepaza sauti.

Siti na Kidude

Morogoro imetupa sauti za vijana. Unguja imetupa kipimo kingine. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mnamo mwaka 1880, alikwenda Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice mwaka 1928. Hesabuni wenyewe: alikuwa anakaribia miaka 50. Sauti ambayo taarabu ya Kiswahili inaihesabu kuwa chimbuko lake ilikuwa ya mtu mzima aliyekwishapita ujana, na mwandishi Shaaban Robert akaona maisha yake yanastahili kitabu cha wasifu. Masikio ya wakati ule hayakuona shida yoyote. Waliomsikiliza walikuwa wakifuata shairi, na walijua kwamba shairi linahitaji mtu aliyeyaona mambo.

Fatuma binti Baraka, tuliyemwita Bi Kidude, alijifunza nyimbo kwa kumsikiliza Siti. Alisema alizaliwa zama za rupia, na hadi alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 alikuwa bado anajulikana kama mtu wa jukwaani. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, moja ya tuzo kubwa za muziki wa dunia. Wengi walimshangilia kwa kuwa bibi kizee anaimba, anavuta sigara na kupiga ngoma ya msondo. Naomba tumsikilize kwa makini zaidi ya hapo.

Chukua namna alivyouimba "Muhogo wa Jang'ombe", wimbo aliourithi kutoka kwa Siti. Sauti yake ni ya chini, nzito, ina mkwaruzo. Hakimbilii sauti nyororo ambayo koo lake halina tena. Anautumia mkwaruzo wenyewe kulipa neno ukali. Mstari unaanzia kwenye nguvu, unaachiwa mapema, vyombo vinaumalizia. Kumbukeni pia kwamba mwanamke huyu alikuwa mwalimu wa unyago. Katika unyago ngoma na neno vinakwenda pamoja kumfunda mwari, na asiyesikika vizuri hajafundisha. Utamkaji wake ulitoka huko, kwenye kazi ambayo haikuhitaji koo laini.

Hapa shairi letu lenyewe linamsaidia mzee kuliko tunavyofikiri. Mshororo wa mizani 16 umegawanyika kati, ukwapi mizani 8 na utao mizani 8, na mara nyingi kuna kina cha kati panapokatika. Kijana mwenye mapafu mapana huimba mshororo mzima kwa pumzi moja ili tumsifu. Mzee hupumua katikati. Akifanya hivyo kwa makusudi, kina cha kati kinasikika vizuri zaidi na maana inatua kabla ya kuendelea. Pumzi fupi imekuwa njia ya kulisoma shairi. Akipumua popote tu anapoishiwa, katikati ya neno, basi hilo ni kosa la kiufundi, na umri hauligeuzi kuwa usanii.

Dansi na jukwaa la maigizo

Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo alijiunga na bendi ya NUTA Jazz mwaka 1964, akapitia Mlimani Park Orchestra iliyoanzishwa mwaka 1978, akaenda Safari Sound, akarudi Msondo, jina la baadaye la NUTA Jazz, hadi alipostaafu mwaka 2013, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Miaka karibu 50 ya kuimba usiku, mbele ya magitaa ya umeme na tarumbeta! Bendi zetu zilimwezesha kwa muundo wake. Waimbaji ni wengi, sauti nyembamba za juu kama ya Hassan Bitchuka zinapanda, sauti nzito inabeba kisa, na wimbo ukifika kwenye chemko, yaani sehemu yake ya kuchangamka, magitaa yanachukua kazi huku mwimbaji akipumzika au akihamasisha. Mzee katika bendi ya namna hiyo anagawiwa sehemu inayomfaa, na anaikamilisha kwa kujua kusimulia.

Vikundi vya sanaa kama Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre vilikwenda mbali zaidi. Usiku mmoja ulikuwa na ngoma, maigizo, kwaya, vichekesho na taarabu, na mwimbaji alilazimika kuigiza anachokiimba. Khadija Kopa, aliyejijengea jina katika taarabu ya vikundi hivyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni mfano ulio hai. Mpasho, yaani wimbo wa mafumbo na vijembe, unategemea jicho, mkono, kusita kidogo kabla ya neno linalochoma. Silaha hizo zinanolewa na miaka. Mwimbaji aliyezijenga ujanani ana akiba ya kutumia sauti inapopungua. Aliyetegemea sauti kali peke yake anafika uzeeni mikono mitupu.

Wenzetu wa ng'ambo wameliona jambo hili hili. Mwaka 1973, New York, mtunzi Stephen Sondheim aliandika "Send in the Clowns" kwa ajili ya Glynis Johns, mwigizaji wa miaka 49 aliyekuwa na sauti tamu lakini asiyeweza kushikilia sauti ndefu. Sondheim akaandika vifungu vifupi, vingi vya maswali, vyenye nafasi ya kuvuta pumzi. Upungufu wa mwimbaji ukaujenga wimbo wenyewe, na ukawa wimbo wa Sondheim unaojulikana kuliko zote. Watunzi wetu wana wajibu kama huo: wawatungie wazee nyimbo mpya zinazolingana na makoo yao ya leo.

Pale ambapo usanii hautoshi

Kuna mambo ambayo hekima ya mwimbaji haiyafuniki. Sauti ikitoka nje ya tyuni dhidi ya kinanda cha umeme, imetoka, na fidla haiwezi kuifuata kuificha kama zamani. Spika kubwa nazo humdanganya mwimbaji: asipojisikia mwenyewe jukwaani anapiga kelele, na koo lililochoka huumia kwa usiku mmoja. Mkwaruzo unaodumu majuma kadhaa ni jambo la daktari wa koo, si la kusifiwa kuwa "sauti ya uzoefu". Na upo wakati ambao uamuzi wa kisanii ulio bora ni kumwachia mwingine wimbo fulani. Gurumo alistaafu na heshima yake ikabaki.

Nasema haya kwa sababu anayempenda mwimbaji mzee lazima akubali kwamba anaweza kukosea. Tukisema kila anachokifanya ni kizuri, tumeacha kumsikiliza.

Wajibu wetu

Kwa walimu wa kwaya: shusheni doh bila aibu, na hamisheni watu kutoka sauti moja hadi nyingine kabla makoo hayajaumia. Kwa viongozi wa bendi na vikundi: pangeni upya nyimbo za wazee. Kinanda kinashusha wimbo kwa kubonyeza kitufe kimoja. Gitaa linahitaji mpigaji ajifunze vidole vipya, na hiyo ni kazi ya mazoezi mawili matatu. Kwa redio na studio: warekodini wazee leo, wimbo ule ule walioupiga ujanani, muuandike mwaka na sauti uliyopigwa. Santuri mbili za mtu mmoja zikiwekwa pamoja zinafundisha zaidi ya mhadhara kama huu wangu. Kwa vyuo, kuanzia cha sanaa cha Bagamoyo hadi Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kule Unguja: mpeni mwimbaji mzee kipindi chake darasani, alipwe kama mwalimu, na afundishe kile ambacho kijana hawezi kukijua bado, yaani namna ya kuchagua.

Na kwetu wasikilizaji. Morogoro haikupata nafasi ya kumsikia Mbaraka akiwa na miaka 70, wala kumwuliza Salum Abdallah angeuimbaje uzeeni wimbo alioutunga akiwa kijana. Waliobaki kati yetu wanaweza kuulizwa. Mzee akishuka jukwaani, tumwendee tumwambie ubeti upi aliupatia na upi ulimponyoka, kama tunavyomwambia fundi yeyote ambaye kazi yake bado tunaihitaji.